Nyumba Iliyo Kimya Haijasema Karibu

Mazungumzo haya, juu ya jumbe za simu ambazo hatukuziomba, niliyatoa Jumamosi alasiri Likoni, Mombasa, mbele ya wafanyabiashara wadogo, wazazi na vijana wa mtaa. Mvua iliwazuia wengi kuvuka kwa feri, nao wakaniomba niyaweke yote kama yalivyosemwa.

Asalamu alaikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, wafanyabiashara wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nina swali. Mgeni akifika kwako, kabla hajavua viatu, anasema nini?

Hodi. Nimewasikia. Anapiga hodi mara ngapi? Tatu. Na akishapiga zote tatu, ndani kimya, afanye nini?

Mama mmoja hapa mbele amesema, "Ende zake." Naam, mama. Aende zake. Hasemi kwamba hawa wamenyamaza, basi wameniruhusu. Hasukumi mlango. Hajikalishi sebuleni akangoja mpaka afukuzwe. Nyumba iliyo kimya haijasema karibu, na sisi watu wa pwani tunalijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Sasa toeni simu zenu. Fungueni jumbe. Angalieni kumi za mwisho. Ni ngapi zimetoka kwa mtu mnayemjua? Ni ngapi zilipiga hodi?

Leo nimekuja kuzungumza juu ya jumbe hizo ambazo hatukuziomba. Za mikopo, za kamari, za viwanja, za wagombea. Wapo watakaosema hili ni jambo dogo, futa tu uendelee na kazi zako. Mimi nasema si dogo.

Mama yangu anaishi Msambweni. Simu yake ni kabambe, ile ya vibonye yenye tochi. Mwaka juzi alikuwa akingoja zamu ya kliniki ya macho. Daktari hafiki kila siku, kwa hiyo waliandika namba yake wakamwambia: siku daktari akija tutakutumia ujumbe. Akangoja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipokwenda kumtazama nikaona juu ya kioo cha simu kuna kijibahasha kinawaka na kuzima. Yeye alidhani ni betri.

Haikuwa betri. Simu zile zina nafasi ya jumbe chache, na nafasi ikijaa, ujumbe mpya hauingii. Unangoja nje.

Nikakaa naye barazani nikaanza kufuta moja moja, kwa sababu alitaka nimsomee kila mmoja kabla sijaufuta, pengine upo wa maana. Shinda milioni leo. Mkopo wako uko tayari. Shinda milioni kesho. Mheshimiwa fulani anakutakia Idi njema. Viatu nusu bei, duka lipo Nairobi, na mama hajafika Nairobi tangu 1994. Nilihesabu jumbe 217 za namna hiyo. Zilizotoka kwa watu wanaomjua zilikuwa 9.

Nilipofuta kama ishirini hivi simu ikalia. Ikalia tena. Ikalia tena. Zilizokuwa zimekwama nje zikaanza kuingia, na mmoja ulikuwa wa kliniki. Ulitumwa siku mbili nyuma. Daktari alikuwa amekuja jana yake, ametibu watu, ameondoka. Mama alikaa miezi minne zaidi na ukungu kwenye jicho la kulia.

Nauliza, ndugu zangu: nani alilipia zile jumbe 217? Aliyezituma alilipa chini ya shilingi moja kwa kila mmoja. Mama alilipa kwa jicho.

Hapo ndipo pana kiini cha jambo lenyewe, naomba mnivumilie nilieleze. Zamani tangazo lilipokuja kwa barua, mtumaji alinunua karatasi, akanunua bahasha, akabandika stempu. Barua elfu, stempu elfu. Gharama yenyewe ilimlazimisha kujiuliza kama huyu atanunua au hatanunua. Mwaka 1978, tarehe 3 Mei, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Marekani iliyoitwa DEC, jina lake Gary Thuerk, alitaka kuwaalika watu waje kuona mashine mpya. Badala ya kuandika kwa kila mmoja, alituma ujumbe mmoja kwa watu karibu 400 kwa mpigo, kupitia mtandao wa ARPANET, ule mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti. Wengi walikasirika, na wasimamizi wa mtandao wakamkanya. Lakini mashine zilinunuliwa. Somo walilolipata wafanyabiashara wa dunia nzima ni lile la mashine kununuliwa. Kumtumia mmoja na kuwatumia 400 kulikuwa karibu bei moja, na usumbufu wa wale wasiotaka haukuandikwa kwenye hesabu za mtu yeyote.

Hata hivyo si kwamba watu hawakupata kupigania mlango wao. Mwaka 1970, miaka minane kabla ya huyo bwana, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wafanyabiashara wa matangazo ya posta. Walidai wana haki ya kusema, na kwamba kumruhusu mwenye nyumba kukataa barua zao ni kuwaziba mdomo. Jaji Mkuu Warren Burger akawajibu kwamba haki ya mtumaji hukoma kwenye sanduku la barua la mtu asiyetaka kuzipokea. Haki ya kusema unayo. Haki ya kuingia ndani kwangu hunayo.

Sasa, mwenye nyumba atakataaje? Hapa ndipo siasa inapoanza, na hapa naomba tukae kidogo.

Kuna njia mbili tu. Njia ya kwanza: mtumaji huingia, na asiyetaka ajitoe mwenyewe. Njia ya pili: mtumaji hukaa nje, na anayetaka amkaribishe. Ukizisikia haraka utadhani ni kitu kimoja kimegeuzwa maneno. Kuna mbingu na ardhi baina yake.

Marekani, kwa barua pepe, ilichukua njia ya kwanza. Sheria yao ilitiwa sahihi Desemba 2003, na inamruhusu mfanyabiashara kukuandikia bila kukuomba, mradi asidanganye jina lake wala kichwa cha barua, na akuwekee pahali pa kujitoa. Nchi za Ulaya mwaka 2002 zilikubaliana njia ya pili: kwanza ridhaa, ndipo ujumbe, isipokuwa kwa mteja aliyekwisha kununua kwako, huyo unaweza kumweleza bidhaa zinazofanana na aliyonunua, na akisema basi, iwe basi.

Mtu ataniuliza, tofauti iko wapi ikiwa mwisho wake kila mtu anaweza kukataa?

Nitawajibu kwa stika. Uholanzi, watu hubandika stika kwenye kisanduku cha barua mlangoni. Kwa miaka mingi stika ilisema "Nee, Nee", yaani hapana, hapana: sitaki matangazo, sitaki magazeti ya bure. Asiyebandika kitu aliletewa karatasi rundo kila wiki. Kimya chake kilihesabiwa kuwa ni ndiyo. Tarehe 1 Januari 2018 jiji la Amsterdam likageuza mambo. Likasema kuanzia leo, anayetaka matangazo abandike stika ya "Ja, Ja", ndiyo, ndiyo. Asiyebandika kitu, asiletewe matangazo. Jiji lilichoka kuzoa karatasi ambazo hakuna aliyezisoma.

Tazameni vizuri lilichofanya jiji. Halikupiga marufuku tangazo hata moja. Anayependa kutazama bei za wiki aliendelea kuzipata kwa kubandika kijistika. Lililobadilika ni maana ya kimya, hilo tu. Je, wachapishaji na wasambazaji walisema basi, sawa? Walikwenda mahakamani. Wakashindwa, wakakata rufaa, wakashindwa, wakafika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, na Septemba 2021 wakashindwa huko pia.

Kwa nini mtu apigane miaka mitatu juu ya stika? Fikirini. Kama kweli watu wanayataka matangazo yako, si watabandika? Walipigana kwa sababu wanajua siri moja juu yetu sisi binadamu: wengi hatubandiki kitu. Tuna watoto wa kulisha, tuna feri ya kuwahi, tuna mgonjwa nyumbani. Hatukatai wala hatukubali, tumeshughulika na maisha. Biashara yao yote imesimama juu ya uchovu wetu. Anayekuambia "si ujitoe tu ukipenda" anajua hutajitoa.

Ndiyo maana nasema na nitasema tena: kimya si ridhaa. Mama yangu hakuridhia jumbe 217. Hakujua tu kwamba alipaswa kukataa mara 217.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijapata kulisema mbele za watu. Wengi mnanijua kwa duka la vifaa vya shule. Kabla ya duka, nilifanya kazi miaka mitatu katika ofisi ndogo hapa Mombasa ya kutuma jumbe kwa wingi. Mteja anakuja na maneno yake, sisi tunayapitisha kwenye kompyuta, watu elfu kumi wanapata kabla chai haijapoa. Kazi yangu ilikuwa kupokea mafaili ya namba na kuyasafisha: kuondoa zilizojirudia, kuweka 254 mbele, kufuta zilizopungua tarakimu.

Siku moja liliingia faili limeandikwa "Wenye kipato, Nyali". Nikalifungua. Safu ya kwanza jina. Ya pili namba ya kitambulisho. Ya tatu simu. Ya nne namba ya gari. Ya tano imeandikwa "Anakwenda kwa". Ya sita, "Saa ya kuingia". Ya saba, "Saa ya kutoka".

Mmeelewa? Lilikuwa daftari la getini. Lile daftari tunaloandikishwa kila tukiingia jengo la watu, lenye jalada lililochanika na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mtu alikaa akalichapa ukurasa kwa ukurasa, akaliuza, na hata safu ya saa hakujisumbua kuifuta. Niliona pale jina la mwanamke aliyeingia ghorofa moja kila Alhamisi saa nane na kutoka saa tisa. Labda alikuwa fundi. Labda alikuwa akimtembelea mgonjwa. Mimi sikuwa na haki ya kujua hata saa moja ya maisha yake, na nilikuwa nazijua zote, pamoja na simu yake. Nilifuta zile safu zisizohitajika, nikaweka 254 mbele, nikaliita faili safi. Wakatumiwa tangazo la viwanja.

Nililifanya hilo kwa mikono yangu, na leo naomba radhi kwa yeyote kati yenu aliyepata kuandika jina lake getini miaka ile.

Basi msiulize tena "namba yangu waliipata wapi?" Waliipata mahali ulipoiandika kwa nia njema. Daftari la getini. Daftari la wakala wa pesa. Fomu ya bahati nasibu ya duka. Na jambo hili si la wauza viwanja peke yao. Mliokopa kwenye programu za simu mnajua. Unakopa elfu mbili, unachelewa siku tatu, na shangazi yako, mwalimu wa mtoto wako, bosi wako, wote wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdeni sugu. Wao hawakukopa, wala hawakuomba kuambiwa. Namba zao zilichotwa kwenye simu yako siku ulipobonyeza "kubali". Benki Kuu ya Kenya ililipiga marufuku hilo kwa kanuni za Machi 2022.

Wenzetu wa Tanga, ambao wengi wenu mna ndugu huko, wana sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 inayotaja moja kwa moja jumbe zisizoombwa, na wanaweza kuutuma ujumbe wa tapeli kwenda namba 15040. Wanao wezi wao maarufu, wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mwizi huyo anajificha ndani ya msitu wa matangazo. Ukizoea kupokea jumbe ishirini za watu usiowajua kila siku, wa ishirini na moja haukushtui.

Turudi kwetu. Je, Kenya haina sheria? Tunayo, tena kwenye msingi ni nzuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, na mwaka uliofuata Bi Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa Data wa kwanza. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinasema huwezi kutumia taarifa za mtu kwa biashara mpaka uwe umemwomba na akakubali wazi, au sheria nyingine iwe imekuruhusu na mwenyewe amejulishwa wakati wa kuzichukua. Kwa maneno yetu ya hapa Likoni: hodi kwanza. Ofisi ile imefanya kazi pia. Septemba 2023 kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa Sh2,975,000 kwa kuwasumbua kwa jumbe na simu za vitisho watu ambao namba zao ilizipata kwa wengine.

Nimesema msingi ni mzuri. Sasa tutazame mapengo mawili, na nataka mhesabu pamoja nami.

Pengo la kwanza liko kwenye faini. Kifungu cha 63 kinasema kikomo cha faini ni shilingi milioni 5, au kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo. Kidogo! Sikilizeni neno hilo. Chukua mama mboga anayeuza mboga za shilingi laki tano kwa mwaka. Akikosea, asilimia 1 yake ni elfu tano. Ndogo kuliko milioni 5, basi kikomo chake ni elfu tano. Chukua sasa kampuni inayoingiza bilioni 50. Asilimia 1 yake ni milioni 500. Lakini sheria inasema tufuate kilicho kidogo, basi kikomo chake ni milioni 5. Mama mboga anaweza kutozwa moja ya mia. Kampuni kubwa haivuki moja ya elfu kumi. Ni sawa na kumtoza mama mboga shilingi hamsini, bei ya chapati mbili.

Mzee wangu pale anatikisa kichwa. Rudieni hesabu nyumbani, mtapata jibu hilo hilo. Na linganisheni na Ulaya, ambako sheria yao iliyoanza kutumika Mei 2018 inasema euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato, kwa kufuata kiasi kilicho kikubwa. Kampuni hizi zina wahasibu. Mhasibu akiona kwamba kuvunja sheria mwaka mzima hakuzidi milioni 5, anaiandika kama gharama ya matangazo.

Pengo la pili ni wao wenyewe waheshimiwa.

Kisa hiki ni cha Marekani, lakini mtawaona watu mnaowajua. Mwaka 2003 walianzisha daftari la kitaifa la wasiotaka kupigiwa simu za biashara. Ndani ya miezi michache zaidi ya namba milioni 50 zikaandikishwa. Mwishoni mwa Septemba jaji wa Oklahoma akasema tume iliyolianzisha daftari hilo haikupewa mamlaka hayo na Bunge. Mnajua Bunge lao linavyovutana. Lakini siku mbili baadaye, tarehe 25 Septemba, mabunge yote mawili yalipitisha sheria ya kuipa tume mamlaka hayo: kura 412 kwa 8 upande mmoja, 95 kwa 0 upande wa pili. Siku mbili! Wanasiasa walihesabu namba milioni 50 wakaona kura milioni 50. Kwa hiyo msiambiwe kamwe kwamba jambo hili ni gumu kutungiwa sheria.

Lakini daftari hilo linazuia simu za nani? Za wauzaji. Simu za siasa hazimo. Mgombea anaweza kukupigia saa ya chakula cha jioni hata kama jina lako limo.

Na huku kwetu? Kampeni za 2017 watu walipokea jumbe za wagombea zenye majina yao na vituo vyao vya kupigia kura. Juni 2021 Wakenya walipofungua tovuti kutazama uanachama wao wa vyama, wengi walijikuta wameandikishwa kwenye vyama ambavyo hawakupata kukanyaga mikutano yake. Jina lako, kitambulisho chako, chama cha mtu mwingine. Kifungu cha 37 kinataja biashara, na mgombea atakuambia yeye hauzi kitu. Sheria nyingine za data zinamfunga, ndiyo, lakini lile neno la wazi, lile la hodi kwanza, halikuandikwa kwa jina lake. Anayetunga kanuni za mlango hawezi kujiachia ufunguo.

Nimesikia wafanyabiashara wenzangu wakinong'ona pale kushoto: sasa sisi tutauzaje? Swali la haki kabisa, na mimi pia nina duka.

Kuna dada anauza leso na madera karibu na kivuko, wengi mnamjua. Ana daftari dogo la jalada la kijani. Mteja akishalipa, humuuliza: "Dada, nikipata mzigo mpya nikuandikie?" Ukisema ndiyo, anakupa kalamu uandike mwenyewe. Ukisema hapana, anafunga leso yako na kukushukuru. Ana majina 64 kwa miaka sita. Faili la Nyali lilikuwa na zaidi ya elfu tatu. Nilimuuliza akituma ujumbe kuwa mzigo umefika, wangapi huja? Akaniambia wakati mwingine inabidi awaombe waje kwa zamu, duka halitoshi. Na wale wa viwanja? Nilikaa kwenye ofisi ile miaka mitatu, na mteja akituma elfu tatu akapata watu wanne wa kupiga simu, alirudi kutuma tena na furaha tele, kwa sababu wale 2,996 waliosumbuliwa hawakumgharimu kitu. Mimi najua ni ipi kati ya hizi mbili ni biashara.

Basi nimeandika ombi kwa Bunge. Katiba, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo, na halihitaji wakili. Ombi lina mambo mawili tu. La kwanza, kikomo cha milioni 5 kiondolewe kwa kampuni, ibaki asilimia ya mapato, moja ya mia kwa mama mboga na moja ya mia kwa wenye mabilioni. La pili, jumbe za vyama na wagombea ziandikwe kwa jina ndani ya sheria, nazo ziombe ridhaa kama za biashara. Hayo mawili.

Vijana, nyinyi mnaolinda mageti ya Nyali na Bamburi, nawaomba hili kando ya ombi: mwambieni mwenye jengo, daftari likijaa lichomwe, lisiwekwe stoo. Na namba ya simu ya mgeni, kama hakuna anayeipiga, kwa nini mnaiandika?

Karatasi za ombi ziko kwenye meza ile karibu na mlango, na mwalimu atawasomea wasioona vizuri kabla ya kutia sahihi. Lisomeni lote. Asiyetaka apite, hakuna atakayemuuliza. Mtakuta pahali pa jina, anwani na sahihi. Pahali pa namba ya simu hapapo.